Damu Isiyomwagwa Bure

Bia! Charline alisimama mlangoni pa maabara yao ya mtaa wa Himbi, akatazama ndani ya friza. Vichupa vya damu alivyovihangaikia kwa majuma vilikuwa vimerundikwa kwenye beseni juu ya meza, vimeyeyuka, na mahali pavyo zimelazwa chupa za bia za kuwapokea wageni wafadhili.

Alikuwa akichunguza jinsi kinga ya mwili inavyojifunza. Mtu akiugua mpox, ile ndui ya nyani, akapona, hubaki chembe nyeupe za damu zinazomkumbuka adui; siku akirudi, zinamrukia hata kabla hajabisha hodi. Charline alitaka kujua kumbukumbu hiyo inadumu vipi katika mwili unaolala na njaa. Lakini chembe hizo hutunzwa hai kwenye baridi kali. Zikipata joto zinakufa, basi tena.

Na damu yenyewe haikupatikana kwa urahisi. Kule kambini Kanyaruchinya watu walikataa katakata, mpaka mama Mukamazimpaka, mjane aliyekimbia vita Rutshuru, alipoleta kiti chake mwenyewe, akaketi, akakunja mkono wa blauzi mbele ya wote.

"Mutoto yangu, damu yetu imemwangika mingi," alisema. "Hii usiimwange bule."

Charline akaapa. Ndipo wengine wakapanga foleni nyuma ya kiti kile.

Sasa mkurugenzi wao, Télesphore, aliingia akirekebisha tai. "Charline, usikasirike. Wageni habawezi kunywa bia ya moto. Rudia kule, ukamate damu ingine. Uwaambie ni kontrole tu, kupima afya yao. Batu ya kambi habawezi kukataa, na ile ya kwanza bamesha kuisahau."

"Bameisahau?" Charline alimsogezea beseni la vichupa. "Papa, kazi yetu yote ni kuonyesha kama mwili hausahau, na weye unasema benye mwili bamesahau! Twende wote kesho, ao niende kuambia wageni bia yao imepoa mu nini."

Wakaenda wote kambini. Mama Mukamazimpaka aliwaletea kiti kilekile. Télesphore akakohoa, akatabasamu, akaanza: "Mama, ni kontrole kidogo tu..."

"Anadanganya," Charline alimkata. "Damu yenu imeharibika, mama. Waliitoa kwenye baridi ili waweke bia. Niliapa mbele yenu, na kiapo changu kimevunjika."

Watu walinguruma. Mama Mukamazimpaka hakupaza sauti. Alikisogeza kiti mpaka magotini pa mkurugenzi.

"Ikala, papa. Yetu mulishaiharibu. Leo mukamate damu yako."

Télesphore alicheka peke yake. Kisha akaficha mikono nyuma. "Hapana, mama. Mimi nakataa."

"Unakataa?"

"Ni haki yangu!"

"Ni kweli, papa, ni haki yako." Mama Mukamazimpaka aliinama, akakibeba kiti chake, akaanza kurudi nacho hemani. "Na sisi tumekataa."