Theluthi ya Vifaa

Mwinjuma alipima sebule kwa magoti. Sakafu ilikuwa ya marumaru mpya, baridi, na goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu siku alipoanguka kutoka kwenye kenchi la paa. Akifika kwenye kona anatia alama ya penseli, anahema kidogo, anaandika kwenye kipande cha boksi. Futi kumi na tisa na nusu. Kona nyingine. Futi kumi na nne.

Nyumba ilikuwa Kihonda, ya ghorofa moja, imebaki kazi za kumalizia ndani: skatingi za kuzunguka chini ya kuta, mikanda ya kuzungushia fremu za milango, na visanduku vya mbao vya kuficha vyuma vya mapazia. Ndizo kazi za seremala mzee. Vijana wanazikimbia, wanasema zinakula muda.

Mbao zilikuwa zimelazwa koridoni chini ya turubai. Akalifunua apate kuhesabu. Mkangazi mtupu, vipande sitini, na kila ncha imepakwa rangi ya bluu ili isipasuke. Alisimama pale. Rangi ile aliipaka mwenyewe, kijijini kwao Kinole, kwa brashi iliyobaki nywele chache.

Akafunika tena, taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu.

"Umeziona?" Rogers alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kizuizi cha kukagua mbao kule barabarani, na kwa umri alikuwa sawa na mtoto wa pili wa Mwinjuma. Shikamoo hakutoa.

"Nimeziona, mkuu."

"Ndiyo maana nikakuita wewe. Fundi mwingine angeziharibu. Wewe unazijua."

Alinywa chai yake.

Mti uliotoa mbao zile ulikuwa kwenye shamba la upande wa mama, na wajomba walikaa kikao siku mbili ndipo wakakubali ukatwe. Mwenyekiti wa kijiji aliandika barua, akagonga muhuri. Pale kizuizini Rogers aliisoma barua mara mbili, akasema haitoshi, kinatakiwa kibali cha wilaya. Mbao zikashushwa kwenye gari. Faini shilingi milioni moja. Ikifika Alhamisi haijalipwa, faili linakwenda mahakamani. Leo ilikuwa Jumatatu. Mwinjuma alikwishakwenda ofisini mara tano, na mara ya tano Rogers alimwelekeza njia ya kuja kwenye nyumba hii.

Kwa hiyo hesabu aliyokuja nayo ilikuwa moja tu. Ufundi ufike milioni, wakate faini humo humo, yeye arudi kwake mtu huru.

Joyce, mke wa Rogers, aliteremka ngazi akiwa na kanga mabegani. "Shikamoo fundi. Ziwe na weusi kidogo, kama za hotelini."

"Marahaba mama. Mkangazi hatuutii rangi. Ukipiga msasa, ukapaka vanishi, wekundu wake unatoka wenyewe."

"Mbao nzuri hizi. Baba Furaha kazipata wapi sijui."

Akarudi juu.

"Haya, bei," alisema Rogers.

Mwinjuma akaweka kipande cha boksi kwenye dirisha. "Skatingi ni futi mia nne na themanini, nafanya elfu mbili kwa futi. Milango kumi na moja, elfu ishirini na tano kila mmoja. Madirisha manane, elfu ishirini. Jumla milioni moja na laki nne kasoro elfu tano."

Rogers akacheka. "Mzee wangu, unatengeneza nyumba au unainunua?"

"Ni kazi ya mwezi mzima, mkuu. Kona zake zinataka subira."

"Subira nayo tunailipia?"

Mwinjuma alijifuta uso. Ndipo akasema lile neno alilowaambia wateja miaka thelathini, likawanyamazisha wote. "Basi tuache futi. Twende kwa desturi ya mji. Ufundi ni theluthi ya vifaa. Kamuulize fundi yeyote."

"Theluthi."

"Theluthi."

"Hilo ni neno la haki." Rogers akatoa simu, akafungua kikokotoo. "Vifaa vipi? Taja."

"Misumari, gundi, msasa, vanishi. Laki mbili na elfu themanini na tano. Na mbao. Sokoni, mbao hizi si chini ya milioni tatu na laki sita."

"Mbao nilinunua?"

Mwinjuma akatazama turubai la koridoni.

"Nakuuliza, fundi. Risiti umeiona? Nilimlipa nani?"

"Hukununua, mkuu."

"Kitu ambacho hakikununuliwa kina theluthi?" Akabonyeza simu, akaigeuza Mwinjuma aone. "Elfu tisini na tano. Desturi ya mji umeitaja mwenyewe. Usije ukanitangaza sokoni kwamba nimekudhulumu."

Nje kuna mtu alikuwa anamwagilia majani. Mwinjuma aliisoma ile namba, akaisoma tena, midomo ikicheza.

"Na ile faini, mkuu?"

"Faini ni ya serikali. Hii ni nyumba yangu. Mimi sichanganyi mambo."

Mwinjuma akachukua boksi lake. Angeweza kutoka. Mlango haukuwa hata na mbao, ulikuwa tundu tu. Lakini faili lilikuwa na jina lake, la baba yake na la babu yake. Akapanda ghorofani akavipima upya vyumba vya juu, kwa magoti, kisha akashuka. Na kwa kuwa fundi husema kweli kabla ya kukata mbao, akasema.

"Hazitoshi. Zinaishia chumba cha wageni. Zimepungua vipande kama kumi."

Rogers akakunja uso, kisha uso ukakunjuka. "Kwenu hakuna mti mwingine?"

"Upo mmoja. Mama kaukataza. Anasema ule ni wa watoto wa dada zangu."

"Mwambie unakutoa kwenye kesi. Alhamisi nitalisogeza faili mwezi mmoja. Vile vipande kumi vikifika, nitalisogeza tena."

"Huwezi kulifunga?"

"Nikilifunga utakuja tena?" Akamwekea mkono begani. "Barua chukua kwa mwenyekiti, kama ile. Pakia, pita barabara ile ile."

"Barua ile ulisema haitoshi, mkuu."

"Ndiyo. Haitoshi."

Mwinjuma akaligeuza boksi upande usio na maandishi. Akailamba ncha ya penseli.

"Mwezi ujao," aliuliza, "utakuwa zamu pale kizuizini siku zipi?"