Sifuri ya Karani Ngatijo

Kila asubuhi, kwa miaka thelathini na mmoja, Karani Ngatijo alinawa uso kwa maji ambayo, kwa maandishi ya mkono wake mwenyewe, hayakuwapo. Alisimama juu ya jiwe lililolainishwa na nyayo za wanawake wa kijiji cha Tegalwatu, akakinga viganja chini ya bomba la mwanzi, na maji yakamjia na baridi ya tumbo la kilima. Aliguna kwa raha, akajifuta kwa kanga ya begani, akapanda baiskeli. Na mara moja kila mwaka, akifika ofisini, aliandika kwamba kijiji hakina chemchemi hata moja.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa kimeivua miti ya misaji majani yake yote, hakuguna. Alitazama juu. Kilima cha Kukusan kilikuwa kimechongoka pale pale kilipokuwa siku zote, ila sasa uso wake wa mwamba ulikuwa na misalaba ya rangi nyekundu. Watu wa kampuni ya mawe walikuwa wameipaka juma lililopita. Palipopakwa ndipo patakapotiwa baruti.

"Unahesabu nini, Pak Karani?" aliuliza mwanamke mmoja aliyengoja zamu na ndoo zake mbili, akimwita Pak, yaani bwana. "Ni kumi na moja. Tumeshakuhesabia. Nawa uondoke, watu wana nguo za kufua."

Wenzake wakacheka, cheko la watu waliochoka, lisilofika mbali.

Ofisini, Prihatno, mkuu wa kijiji, alikuwa ameshafika, jambo la nadra. Alikuwa na umri wa mtoto wa kwanza wa Ngatijo, na cheo kilimkaa kama koti la kuazima, analivuta mabegani kila dakika asije akanyang'anywa.

"Wasifu wa kijiji unatakiwa wilayani Ijumaa," alisema. "Chukua wa mwaka jana, badilisha tarehe. Ongeza mbuzi kidogo."

"Mbuzi wangapi, Pak?"

"Karani ni wewe. Mbuzi gani aliwahi kuja hapa kulalamika kwamba hakuhesabiwa?"

"Na kisanduku cha chemchemi?"

Prihatno aliiweka chini sigara yake ya karafuu. "Kina nini kisanduku cha chemchemi?"

"Kina sifuri."

"Basi iache sifuri ya watu. Sifuri hailiwi na panya, haizai, haifi."

Lakini ilikuwa imezaa. Wasifu wa kijiji ni kurasa arobaini za visanduku. Unajua idadi ya mabata wa Tegalwatu, idadi ya pikipiki, ya wajane, ya vyoo vya shimo na vya kumwaga maji. Umepangwa na watu wasiowahi kufika huko, usomwe na watu wasio na nia ya kufika, na kwa kuwa haufiki mikononi mwa mwenye kijiji, mwenye kijiji hajui amesemwa nini. Watu wa kampuni walipotaka kilima cha mawe ya chokaa, hawakupanda kukitazama. Walifungua wasifu. Sheria inakataza kupasua kilima kinachotoa maji. Kilima cha Kukusan, kwa mujibu wa karani wake, kilikuwa kikavu kama mfupa.

Na hiyo sifuri ilianzaje? Kuna watu hupenda kusahau. Ngatijo hakuwa na bahati hiyo.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, karani wa miezi miwili, alipopelekwa nyumba kwa nyumba na fomu ya kwanza. Afisa wa wilaya alimngoja barabarani ndani ya gari, akipiga honi. Swali la maji alilipeleka kwa Mbah Sarijah, bibi mtunzaji wa chemchemi, ambaye kila mwaka baada ya mavuno huongoza watu kusafisha mabwawa, kisha wali uliofinyangwa kama kilima na kuku wa kuchoma huliwa pale pale kando ya maji.

"Mbah, chemchemi zetu ni ngapi?"

"Chemchemi gani, mwanangu? Hakuna kitu. Vidimbwi tu vya kunawia miguu."

Hivyo ndivyo mtu mwenye adabu anavyojibu. Tegalwatu mgeni huchinjiwa kuku, akakirimiwa kwa maneno kwamba hakuna chakula. Mtoto mzuri huitwa sura mbaya. Na maji ndiyo zaidi, kwa sababu maji yana masikio: ukiyataja kwa kujigamba, yanarudi ndani ya mwamba yakajificha.

Tena adabu hiyo haikushuka na mvua. Bibi wa Sarijah aliulizwa na Waholanzi ana miti mingapi ya kahawa, akataja, akatozwa. Mama yake aliulizwa na Wajapani ana magunia mangapi ya mpunga. Akataja, magunia yakaondoka juu ya mabega ya kaka zake wawili, na hayakurudi magunia wala mabega. Sarijah mwenyewe, mwaka malori yalipozoa watu usiku, mwaka ambao mito ya wilaya ile haikunyweka kwa maiti, aliulizwa na askari mumewe yuko wapi. Hapo somo lilikuwa limeshamwingia. "Hakuna mtu," alisema, akiendelea kupepeta, na mumewe darini akaishi miaka mingine thelathini. Neno "hakuna" lilikuwa ndilo boma la kijiji kile.

Ngatijo alijua kwamba bibi alikuwa na adabu na kwamba chemchemi zilikuwa saba. Asubuhi ile ile alikuwa amenawa. Lakini honi ilikuwa inalia, na sifuri ni nyepesi kuandika, kalamu huzunguka mara moja tu. Mwaka uliofuata aliinakili. Mwaka wa tatu hakuisoma tena. Uvivu ukinakiliwa mara thelathini huitwa takwimu.

"Umebakiza miezi minne ustaafu," Prihatno alisema, sauti imelainika. "Lile shamba la cheo, la kando ya mfereji, nilikuwa nafikiria uendelee kulilima hata ukishaondoka. Shamba zuri lile. Ila unajua tena, fikra za mtu hubadilika."

"Najua, Pak."

"Ndiyo maana nakupenda. Huna maneno."

Alirudi nyumbani mchana akiburura baiskeli, matairi yakiwa na upepo wa kutosha. Tumini, mkewe, alikuwa amekaa kizingitini akimenya muhogo wa kukausha.

"Baiskeli imepata ajali au umepata wewe?"

"Nimechoka tu."

"Umechoka nini?"

Akamweleza: fomu, sifuri, shamba. Tumini hakuacha kumenya. Alikuwa akijua habari ya sifuri tangu mwaka wa pili wa ndoa yao, na aliitunza kama mke anavyotunza deni lisilo la fedha.

"Wewe umebeba kalamu miaka thelathini na mmoja," alisema mwishowe. "Mimi nimebeba ndoo. Hebu twende kwa wazee watupime, nani amechoka."

"Wakitunyang'anya shamba tutakula nini?"

"Hiki." Akainua muhogo. "Na hiki hupikwa kwa nini, Baba Karani? Kwa mate?"

Alhamisi Ngatijo alikwenda kwa Mbah Sarijah. Fomu ya mwaka huo ilidai alama ya kidole ya mtunzaji wa maji, na kwa mara ya kwanza aliona fahari ya kipuuzi kwa jambo lililobuniwa na serikali. Alimkuta jikoni, miaka themanini na minne imemkunja mpaka amekuwa mdogo kuliko mtungi wake, akichochea moto wa vifuu. Bibi alimmiminia kahawa, akamwomba radhi kwamba hakuna kahawa.

"Mbah, nimekuja na lile swali langu la zamani. Chemchemi zetu ni ngapi?"

"Mwanangu umezeeka na bado huna swali jingine?" Alitabasamu kwa ufizi. "Hakuna kitu. Vidimbwi."

"Mbah, safari hii ukisema hakuna, watakipasua kilima."

Tabasamu likaondoka. Alitazama moto muda mrefu, mikono yake ikitafuta kitu cha kushika.

"Nimesikia," alisema. "Misalaba nimeiona. Lakini unataka niseme nini? Niwaambie watu wa mbali kwamba mimi Sarijah nina maji? Kila aliyesema anacho kwetu, alichukuliwa. Mdomo huu haujui njia hiyo. Hata nikiusukuma hauendi."

Ngatijo aliweka kikombe chini. Ungemjibu nini? Ingehitaji mtu aje na kitabu kuthibitisha kwamba safari hii kutaja ni usalama, na kila kitabu alichowahi kukishika yeye Ngatijo kilikuwa na sifuri ndani yake.

Alitoka, akarudi nyumbani, akachukua ndoo ya lita ishirini, na Tumini akamnyang'anya. "Utaimwaga," alisema. Wakazunguka kilima wote wawili, chini ya jua, wakiwa wamejifunga vitambaa kichwani. Walisimama kwenye kila chemchemi, wakakinga ndoo, na Ngatijo akahesabu kwa sauti mpaka ilipojaa. Ya mapangoni ilijaa kwa hesabu ya mia moja na tano. Ya chini ya mtini, sabini na mbili. Ya Mudal, ile anayonawia uso, mama wa zote, ilijaa kwa thelathini na nane, tena mwisho wa kiangazi, ardhi ikiwa imepasuka kama visigino. Aliandika yote mgongoni mwa fomu. Kwenye ya saba aliketi chini, fomu mapajani. Tumini alimwagia maji kichwani bila kumwomba ruhusa.

"Haya ndiyo yasiyokuwapo," alisema. "Yana baridi, au siyo?"

Ngatijo alirudi kwa Mbah Sarijah kabla ya alasiri. Bibi alikuwa pale pale, moto umekuwa majivu.

"Umeandika nini?" aliuliza.

"Saba."

Bibi akayasukuma majivu kwa kijiti.

"Saba ya nini? Ni vidimbwi vya kunawia miguu."

"Ndiyo, Mbah. Vidimbwi saba vya kunawia miguu."

"Visivyo na kitu."

"Visivyo na kitu, Mbah."

Bibi akaivuta karatasi kwa vidole vyake. Akakichovya kidole gumba kwenye wino mwenyewe, hakungoja kushikwa mkono, akakikandamiza kwenye kisanduku kama mtu anayeziba tundu, na alipokiinua alama ilikuwa nyeusi, imejaa, kila mstari unasomeka.

"Mimi sikusema," alisema akijifuta kwenye sarungi. "Kama ni wa kusema, sema wewe. Mdomo wako ni wa serikali, maji hayaujui."

Ijumaa Ngatijo hakupitia kwa Prihatno. Alipeleka fomu wilayani mwenyewe, kilomita ishirini na mbili za baiskeli, akaiacha mezani kwa msichana aliyeigonga muhuri bila kuitazama.

Jumatatu simu ya ofisi ililia. Prihatno alikuwa kwenye kiti chake. Alimwashiria Ngatijo aipokee.

"Karani wa Tegalwatu?" ilisema sauti ya kijana wa mjini. "Mwaka jana mmeandika chemchemi sifuri. Mwaka huu saba. Kwenu imenyesha mvua ya namna gani?"

"Sifuri ilikuwa kosa."

"Kosa la nani?"

"Langu."

Prihatno aliacha kuvuta sigara. Upande wa pili karatasi zilipekuliwa, mtu akanong'onezwa jambo, kisha sauti ikarudi, sasa haina mzaha. "Kuna watu hapa wanasema hivyo ni vidimbwi tu. Maji yenyewe ni kiasi gani, Bwana Karani? Nijibu wewe uliyeko huko. Kuna maji au hakuna?"

Jibu lilikuwa limeshamjia ulimini, tamu, jepesi, jibu la mama yake na la mama wa mama yake: hakuna kitu, bwana, tusamehe. Aliliona lilivyokuwa tayari. Alilimeza kama mtu anavyomeza mwiba wa samaki, kwa uchungu, macho yakimtoka machozi.

"Mengi," alisema.

Hakuna mtu wa Tegalwatu aliyewahi kulitamka neno hilo juu ya maji yale. Hata Prihatno, aliyezaliwa pale na kuogeshwa pale, alishtuka akatazama dirishani, upande wa kilima, kana kwamba maji yamesikia.

"Mengi, na hayakauki," Ngatijo akaongeza, akaiweka simu chini.

Prihatno akazima sigara ambayo haikuwa imefika nusu. "Ukishavuna mpunga," alisema, hakumtazama, "shamba ulirudishe."

"Ndiyo, Pak."

"Na watakuja kupima wenyewe. Umefikiria hilo? Wakija wakute hakuna kitu?"

Ngatijo aliinuka. Alichukua kofia yake. Baiskeli aliiacha ukutani, akatembea kwa miguu, jua la saa sita likimkaa utosini, akapita nyumbani akachukua ndoo iliyokuwa imeinamishwa mlangoni. Tumini aliita kutoka ndani kuuliza anakwenda wapi, hakusikia.

Penye chemchemi ya Mudal hapakuwa na mtu saa hiyo. Jiwe lilikuwa kavu. Juu yake misalaba nyekundu ilimtazama, kumi na moja. Bibi alisema maji hayaujui mdomo wake. Lakini miaka thelathini na mmoja, kila asubuhi, ni uso upi yalioujua zaidi ya wake?

Alipiga magoti, akaisogeza ndoo chini ya mwanzi, akafumba macho.

"Moja," akaanza.

Alihesabu polepole kama alivyohesabu Alhamisi, ndoo ilipojaa kwa thelathini na nane, asiipendelee nafsi yake wala asiionee. Alisikia maji yakigonga kitako cha ndoo, kisha yakigonga maji wenzao, sauti ikipanda, au pengine ilikuwa damu masikioni mwake. Hakufumbua macho. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Akanyoosha mkono kwenye ukingo wa ndoo, vidole wazi.

"Thelathini na saba," alisema.