Wavu wa Liudas

Mchana ule Danguolė alitazama upande wa ghuba akaona wingu jeusi tii limelalia maji. Utabiri ulikuwa umesema mvua itakuja jioni.

"Baba, tufunge nyavu!" alimwita mkwewe.

"Sasa hivi? Kundi la ndege ndiyo kwanza linafika." Liudas hakugeuka. Alimvisha ndege pete mguuni, ili popote atakapoonekana ijulikane alikopita, akasoma namba kwa sauti, akampima, akamwachia. Kazi hiyo aliianza kabla Danguolė hajazaliwa. Na wavu mkubwa wa kwenye misonobari aliufuma mwenyewe, fundo kwa fundo, majira mawili ya baridi.

Kundi likashuka kwa kishindo. Mamia ya ndege wadogo wa kifua cha manjano, wakiukimbia upepo, walijitosa kwenye wavu ule. Mvua ikawafuata hapo hapo, ya baridi kali. Ndege wa gramu kumi akilowa hivyo, hamalizi robo saa.

Wakakimbilia wavuni wote wawili, wakawa wanawanasua mmoja mmoja.

"Acha pete, Baba! Toa, achia!"

"Bila kuwahesabu? Mwaka mzima tumewangoja!"

"Wakifa utamhesabu nani?"

Mzee akatia pete mfukoni, akaachia. Lakini upepo uliusokota wavu, vidole vikafa ganzi, na zaidi ya mia walikuwa bado wamenasa. Baadhi hawakupiga kelele tena. Danguolė akachomoa kisu.

Liudas akamdaka mkono. "Usithubutu, mwanangu."

"Basi niambie njia nyingine."

Mzee akamtazama ndege aliyekuwa kiganjani mwake: macho yamefumba nusu, kichwa kimelegea. Akauachia ule mkono, akageuza uso.

Danguolė aliukata wavu kuanzia juu hadi chini. Wakaukunja wavu pamoja na ndege wake, wakaukimbiza kwenye kibanda chao cha kazi, wakachochea jiko. Pale sakafuni walikata uzi baada ya uzi. Ndege walikauka, wakaanza kuruka huku na huku, wakatua kwenye rafu, kwenye makoti, juu ya birika. Kumi na tisa hawakuamka.

Mvua ilipokatika, Liudas aliokota kisu, akapitisha kidole kwenye makali.

"Kisu chako kibutu sana," alisema. "Umenichania wavu kama panya."

"Nisamehe, Baba."

"Nani kasema umekosea? Nasema ukinoe." Akamrudishia kisu. "Haya, fungua mlango. Hawa wana safari."

Akaufungua. Ndege wakatoka wote kwa mkupuo mmoja, hakuna hata mmoja mwenye pete.