Mpaka Mwenyewe Aonyeshe

Kazi yetu ni kuhamisha watu. Makochi, mafriji, vitanda, makabati ya urithi ambayo hayapiti mlangoni na mwenyewe anaapa kwamba yaliingia humo humo. Mimi ndiye dereva, na kwenye kubeba nakaa mbele. Kaka yangu, ambaye watu wote wanamwita Winchi, anabeba nyuma. Kazi tumeachiwa na baba, pamoja na kanuni zake mbili. Ya kwanza, wa mbele ndiye mwenye mdomo: yeye ndiye anayesema pinda, inua, shusha, na wa nyuma anafuata kimya. Ya pili, mzigo hauwekwi chini mpaka mwenyewe aonyeshe pahali. Hata mikono ikatike, unasimama nao, unauliza, "Tuweke wapi?" halafu unangoja kidole.

Baba hakufa, msinielewe vibaya. Alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakabaki ya kuhesabu, na mkono unaofanya kazi ni mmoja tu, wa kushoto. Fimbo aliyopewa hospitali iko nyuma ya mlango wa chumba chake na nailoni yake haijatolewa. Mzee hataki hata kuisikia. Yeye alikuwa na Meneja.

Meneja alikuwa mbwa. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi alipanda lori, akakaa kiti cha mbele, na kutwa nzima akawa anatazama wenzake wakifanya kazi. Jibwa hasa: mgongo wake ulimfika mtu kiunoni, na uzito wake ni wa mashine ya kufulia yenye maji ndani. Uzee ulipomwingia, kidevu kikaota mvi, nyonga zikaanza kumsumbua, na mwendo wake na wa Mzee ukawa mmoja. Asubuhi Mzee alijivuta kitandani, akaegemeza mkono mgongoni mwa Meneja, wakaja zao taratibu mpaka getini lilipo lori. Meneja akishapanda, nilimshika Mzee mkono mpaka kwenye kiti chake cha kibarazani. Hakuna aliyewafundisha. Siku Meneja alipolazwa kliniki kung'olewa jino, baba yangu alishinda kitandani akitazama ukuta, na uji niliomwekea ukaganda juu.

Basi siku moja tulikuwa tunamhamisha mwalimu mmoja mstaafu, mama mpole, ghorofa ya juu, ngazi nyembamba. Tulikuwa katikati ya ngazi na kabati lake la nguo. Kwenye ile kona kuna dirisha, na kupitia dirisha nikamwona Meneja chini, kwenye kivuli cha lori. Akainuka. Akatembea kidogo, miguu ya nyuma ikipishana kama ya mlevi, akaanguka ubavu. Hakuinuka tena.

"Weka," nikasema.

"Wapi?" Winchi akauliza, maana hajawahi kuambiwa weka kwenye ngazi.

"Hapo hapo."

Tukaliacha kabati la watu kwenye ngazi, bila kumuuliza mwenyewe. Mama wa watu alitukuta chini tumepiga magoti, akashika kiuno.

Nilimfunua Meneja mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama chaki. Tumbo lilikuwa limejaa, gumu, na jana yake halikuwa hivyo. Alinitazama kwa jicho moja, mkia ukagonga ardhi mara moja, kwa adabu tu. Nakumbuka nilifikiria kwamba kabati litazuia njia ya majirani. Ndicho nilichofikiria. Kuna watu mioyo inawaenda mbio, wanapiga kelele, wanalia. Mimi nilitulia kama maji ya mtungi, na mpaka leo sijui ule ulikuwa utulivu wa aina gani.

Tulifanya tunachojua. Tukatandika blanketi nene la kufungia friji, tukambingirisha juu yake, tukapitisha mikanda, tukakaza. Moja, mbili, juu. Winchi akakaa naye nyuma ya lori, kichwa cha mbwa mapajani, mimi nikaendesha. Nilisimama kwenye taa nyekundu zote. Niliwasha indiketa hata pale pasipokuwa na mtu.

Kliniki ya mifugo ni vyumba viwili na kibaraza. Daktari ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mikono ina nguvu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulegeza mkanda.

"Tumbo mmelifunga?" akauliza.

"Ndivyo tunavyofunga," Winchi akajibu.

"Friji."

"Ndiyo. Friji."

Winchi akashusha macho. Daktari akaona, akasema damu ilikuwa inavuja tumboni tangu kabla hatujamgusa, mkanda haukuleta hilo. Sijui kama ulikuwa ukweli au alituhurumia. Sikuuliza. Akachoma sindano ya kupunguza maumivu, akapitisha kile kimashine cha kutazama tumbo, akatueleza kwa lugha rahisi: kwenye bandama kulikuwa na uvimbe, umepasuka. Mbwa wakubwa wakizeeka huwapata sana, na hauonyeshi dalili mpaka siku unapopasuka. Anaweza kumpasua sasa hivi aitoe bandama, lakini moyo ni mchovu na damu iliyopotea ni nyingi. Huenda asiamke, na akiamka ni wiki chache tu, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo huwa umeshasambaa. Au apewe sindano ya kulala moja kwa moja.

"Mwenye mbwa ni nani?" akauliza.

Tukatazamana.

"Ni Mzee," nikasema.

Nikamwacha Winchi na Meneja, nikaenda nyumbani kumchukua. Nilimkuta kibarazani kwenye kiti chake cha mikono. Lori lilipoingia mchana, kiti cha mbele hakina Meneja, alielewa kabla sijashuka. Nikamwambia yote bila kupamba: Meneja ameanguka, damu inavuja tumboni, daktari anamngoja yeye aamue. Mkono wake wa kushoto ukashuka pembeni ya kiti, ukapapasa hewani, pale ambapo mgongo ungekuwepo. Halafu akaurudisha mapajani.

"Nikuletee fimbo, Mzee?"

Akatikisa kichwa.

Nikamwita kinyozi wa jirani, tukambeba na kiti chake, mimi mbele, yeye nyuma, tukampandisha. Baba yangu, aliyebeba nusu ya mji huu mgongoni, alibebwa kama mzigo wa mteja, na njia nzima alitazama magoti yake. Kliniki tukamwingiza hivyo hivyo, mimi na Winchi. Tulipofika katikati ya chumba nikasikia mdomo wangu unasema wenyewe, "Tuweke wapi?" Akaonyesha, karibu na kichwa cha Meneja.

"Shikamoo, baba," daktari akasema, akamweleza tena, taratibu, bila kumfanya mtoto.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Anaumia?" akauliza.

"Nimempunguzia. Lakini maumivu yatarudi."

Baba akamshika Meneja sikio, akawa analikunja na kulikunjua. Winchi akageukia ukutani, akasoma bango la chanjo ya kuku kwa bidii zote.

"Basi," Mzee akasema. "Apumzike."

Daktari akafanya kazi yake. Haikuchukua muda. Meneja alivuta pumzi moja ndefu, ile ya kujilaza kwenye kiti cha mbele baada ya safari, halafu hakuna tena. Nilitazama sindano, nikatazama sakafu, nikaona imepigwa deki vizuri. Nilijichukia kwa kuiona.

Tulirudi nyumbani polepole. Getini Winchi akamshusha Mzee na kiti chake, kisha tukamteremsha Meneja kwenye blanketi lile lile, safari hii bila mkanda. Mimi mbele, Winchi nyuma, mzigo usawa wa kiuno. Nikageuka kumwambia Mzee angoje, tutamrudia. Alikuwa ameshasimama. Ameacha kiti, anayumba, na mkono wake wa kushoto uko juu ya blanketi, mgongoni mwa Meneja.

"Twende," akasema.

Tukaenda. Ilikuwa njia yao ile ile ya kila asubuhi, ila safari hii waliingia badala ya kutoka. Hatua, kituo. Hatua, kituo. Nilikuwa mbele na mwenye mdomo ni mimi, lakini mwendo aliupanga Mzee. Mikono ilianza kuniuma, halafu ikawaka moto, na bado nilikuwa naomba tusifike. Kwa sababu nilikuwa nimeshaona mbele yetu kuna nini. Mkono wake ni mmoja. Aliokuwa ameuegemeza ndio huo huo wa kuonyeshea.

Tukafika uani. Nikauliza, kwa kuwa ndivyo alivyotufundisha.

"Mzee, tuweke wapi?"

Hakuondoa mkono. Tukasimama. Nilimsikia Winchi akihema nyuma yangu, na kwa kanuni wa nyuma hasemi. Tungesimama pale hata jua lizame, mimi na kaka yangu, na wala nisingeona tabu.

Kisha baba akatoa mkono. Akayumba, nusura aende chini, akajikaza. Akaunyoosha kuelekea ukutani kando ya geti, pale Meneja alipokuwa akikaa kungoja lori.

"Hapo," akasema.

Tukampeleka pale, tukamweka. Nilipoinuka Mzee alikuwa bado amesimama peke yake katikati ya ua, hajashika kitu, mguu mmoja unamcheza.

"Ile fimbo," akaniambia.

Nikakimbilia chumbani. Niliishika fimbo, nikajaribu kuchana nailoni, vidole vikakataa. Nikaitia meno. Hapo ndipo nikalia, nailoni iko mdomoni, na baba yangu ananingoja nje.