Picha Zilizokataliwa Mlangoni

Saa nne kasorobo asubuhi televisheni ya wodi namba tatu ilikuwa nyeusi tii, na mama yangu alikuwa ameshafunga kilemba chake kizuri juu ya gauni la hospitali. Ukumbini, ng'ambo ya ua, mdogo wangu alikuwa anasubiri kuitwa ale kiapo cha uuguzi. Mama alikuwa na vyuma mguuni, hata kiti cha magurudumu hakiwezi. Nilimwahidi kwamba atamwona bintiye kwenye televisheni ile, tena nilimwahidi kwa mbwembwe, kwa sababu fundi mtandao wa hospitali ni mimi.

Na aliyeharibu, sina pa kujificha, ni mimi vilevile. Jana yake nilivuta kebo mpya ya faiba kati ya ukumbi na jengo la wodi. Nikapima, nikajisifu, nikaenda zangu nyumbani. Asubuhi simu zilipita, barua pepe zilipita, ila picha ya kamera ya ukumbini iligoma.

Picha hiyo ina safari yake. Kamera haitumi nakala kwa kila televisheni. Hutuma moja tu, na ruta za njiani, mitambo inayoelekeza mawasiliano, ndizo zinazoirudufu kwa kila wodi inayoitaka. Niliketi kwenye chumba cha mitambo, jasho likinitoka, nikaichungulia ruta ya wodi. Pakiti za picha, vile vipande vidogo inavyosafiria, zilikuwa zinafika kwa maelfu kupitia kebo ya zamani, na ruta ilikuwa inazitupa zote. Hesabu ya zilizokataliwa ilipanda huku naiangalia.

Muuguzi wa zamu akanipigia simu kusema nusu ya majina yameshaitwa. Akaongeza kwamba mama amekataa chai.

Ndipo nikamkumbuka baba mdogo. Tulipokuwa wadogo, baba yetu ameshafariki, mama hakuwa akimfungulia mtu mlango wa uani. Jioni moja ya mvua baba mdogo alikata njia nyuma ya nyumba, akagonga huko huko uani, akataja jina lake mpaka la babu yake. Mama akamjibu dirishani kwamba shemeji yake huja kwa barabarani. Akaachwa alowe mpaka alipozunguka mbele, nasi tukamcheka mwaka mzima.

Ruta nayo ni mama mtupu. Pakiti ya picha ikifika, hujiuliza: ningekuwa mimi ndiye ninayekwenda ukumbini, ningetokea mlango huu? Kama sivyo, huitupa, isije picha moja ikazunguka na kujizidisha mpaka mtandao wote ukwame. Nami jana niliiambia kwamba njia ya ukumbini sasa ni faiba mpya, nikasahau kuziruhusu picha zipite huko. Zikaendelea kuja kwa kebo ya zamani, za kweli kabisa, zikaachwa zilowe.

Niliandika mstari mmoja tu: kwa picha za ukumbini, mlango wa zamani ni halali. Hesabu ikasimama. Nikapanda ngazi mbilimbili.

Nilipofika, wodi nzima ilikuwa imeikodolea macho televisheni. Mdogo wangu alikuwa jukwaani, mkono juu, kofia imekaa upande, na mama alikuwa analia huku akiinyoosha ile kofia kwa kidole kutoka kitandani. Nikashika fremu ya mlango, nikashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Sijawahi kufarijika namna ile.

Hotuba zilipoanza nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamsimulia yote, pamoja na habari ya baba mdogo na mvua yake. Nilitegemea acheke.

"Nilijua ni yeye," akasema. "Sauti ya shemeji yangu ningeikosea vipi?"

"Sasa mbona hukumfungulia?"

"Ningemfungulia yeye, na wengine wangeijua njia. Nilikuwa na watoto wawili ndani, mwanangu."

Nikamshika mkono. Kwenye televisheni, yule mwingine wa watoto wawili alikuwa anaitafuta kamera kwa macho. Alipoiona, akatupungia.