Foleni ya Watoto Wasiokohoa

Mama Kamis alipoamua kwamba mtoto wangu hatakunywa maziwa, mimi hakunitazama. Aliinama, akaweka sikio lake lenye hereni kifuani mwa Akot, akasikiliza. Kisha akakichukua kikombe chetu, akakigeuza juu chini, akanirudishia.

"Hii mtoto iko na makohozi mingi," alisema. "Maziwa inaganda kwa kifua. Akipona, mlete."

Mtoto wa miaka minne amesimama foleni tangu jua halijachomoza, amekumbatia kikombe chake, halafu anaambiwa akipona. Chakula ndicho kingemponya, nacho anasubiriwa apone ndipo apewe! Nikamshika mkono kwa hasira, nikaondoka.

Miaka ile ya utawala wa kijeshi maziwa Kampala yalikuwa ya kunong'onezana, kama sukari, kama chumvi. Rafu za maduka zilibaki na vumbi. Sisi wake wa polisi wa kambi ile, upande wa Naguru, tulionekana wenye bahati, kwa sababu kila asubuhi Landrover ilileta debe la maziwa ya watoto. Mume wangu, Okeny, alikuwa konstebo tu. Mume wa Mama Kamis alikuwa sajini meja, kwa hiyo mke wake ndiye aliyeshika upawa. Hakuna aliyemchagua. Cheo kilikaa begani mwa mume, upawa ukakaa mkononi mwa mke.

Na kikohozi chenyewe kilitoka wapi? Kilitoka kwenye amri. Wakubwa walikuwa wakipita na magari yao barabara ya juu, ikasemekana moshi wa majiko yetu unatia aibu. Marufuku kupika nje. Tukayaingiza majiko ndani ya unipoti. Unipoti ni kibanda cha mviringo cha bati, mlango mmoja, na dirisha ambalo paka mnene hapiti. Humo mlikuwa na baba, mama, watoto, kitanda na masufuria. Sasa humo humo washa makaa mabichi, maana makavu nayo yalikuwa yameadimika. Kabla mwezi haujaisha, kambi nzima ilikuwa inakohoa. Sufuria zingekuwa na mapafu, nazo zingekohoa.

Sote tulijua ni moshi. Lakini nani angeusema moshi, wakati moshi una amri ya wakubwa nyuma yake? Maziwa hayana mtu wa kuyatetea. Mama Kamis alikwenda mjini kwenye mkutano wa akina mama, akamsikia bwana mmoja mwenye miwani akisema maziwa huongeza makohozi, akarudi na neno hilo kama mtu aliyeokota dhahabu. Yeye alikaa nyumba ya matofali yenye jiko la nje na bomba la kutolea moshi. Na Kamis wake, mvulana mnene, alikuwa akizunguka na kamasi mbili puani na kikombe kimejaa mkononi.

Nilimwuliza mbele ya watu. "Na Kamis je, mama?"

"Kamis iko na mafua," alijibu. "Mafua si kikohozi."

Wanawake wakatazama chini. Maziwa yaliyobaki debeni yalikwenda kwenye chai ya maofisa. Angekuwa mwizi nisingechukia hivyo, maana mwizi hujificha. Yeye aliamini kabisa kwamba anatuponyea watoto.

Nyumbani Okeny hakutaka hata nimalize kueleza.

"Mama Akot, wacha hiyo maneno," alisema, huku akitazama mlangoni. "Otim wamechukua akiwa kazini, kofia peke yake ndiyo imerudi. Watu yetu wanakwisha. Wewe unataka mimi nipotee sababu ya kikombe?"

Otim alikuwa jirani yetu, Mwacholi kama sisi, kabila ambalo watawala wa wakati ule walikuwa wakiliangamiza. Nikachukua sufuria, nikakoroga uji nimevimba kama chura. Akot akawa anakunywa uji mweupe usio na maziwa wala sukari, na miguu yake ikaanza kuwa myembamba.

Halafu likatokea jambo la ajabu. Watoto walipona.

Mmoja alianza, akafuata mwingine, mpaka foleni nzima ikawa kimya. Mama Kamis akawa anaweka sikio, anatikisa kichwa kwa furaha, anachota. Akot naye alisimama mbele yake, mdomo umefungwa, uso umeinuliwa, hakutoa hata mlio. Kikombe kikajazwa.

"Umeona?" Mama Kamis aliniambia. "Mimi nilisema, wewe ukakasirika. Maziwa ilikuwa inamuua."

Nikaona haya. Rafiki yangu Anena, ambaye binti yake naye alikuwa amepona, alisema labda mama huyu anajua kitu. Nami nikafikiri, labda. Hata usiku Akot hakukohoa tena. Asubuhi tu nilikuta pembe ya blanketi lake imelowa mate, nikadhani ni udenda wa usingizi.

Siku moja alianguka foleni. Hakujikwaa. Alikunja magoti tu, kikombe kikalia kwenye changarawe. Nilipomwinua, mwili ulikuwa wa moto na mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nilimfunga mgongoni na kuelekea hospitali ya Nsambya, kwa masista.

Aliyetupokea alikuwa Sista Perpétue, Mkongo mrefu mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza Akot mgongoni kwa muda mrefu.

"Anakohoa tangu lini, mama?"

"Alipona, Sista. Alikatazwa maziwa akapona."

Alinitazama kama niliyesema jua limechomoza usiku. Akamgeukia mtoto. "Kohoa kidogo, mtoto yangu. Nisikie."

Akot akatikisa kichwa.

"Kidogo tu."

Akabana midomo. Machozi yakajaa, kifua kikawa kinaruka, shingo ikakaza, na bado hakuifungua. Akavuta pindo la shuka la hospitali, akalisokomeza mdomoni, akakohoa humo humo bila sauti. Nilikumbuka blanketi.

"Nani amekufundisha?" nilimwuliza.

Alitoa shuka kidogo. "Binti ya Anena. Unameza mate, unaangalia juu." Kisha akamtazama Sista kwa hofu. "Asiseme kwa Mama Kamis. Atageuza kikombe."

Hakuna mkubwa aliyewafundisha. Wakubwa zao walipofundwa na hofu kunyamaza, watoto nao walijifunza kwa macho, wakafundishana wenyewe kwenye foleni. Na huyu mwanamke akahesabu ukimya wao kuwa ni dawa yake!

Sista alisema ni nimonia, tumewahi kwa unywele mmoja. "Maziwa haiko na kosa," alisema. "Ikikutana na mate, kinywa kinakuwa kizito, mtu anasema ni makohozi. Si makohozi. Mnapikia wapi?" Nikamwambia. Akafumba macho kidogo, akaandaa sindano.

Tulilala kule mpaka homa ilipotoka. Niliporudi kambini sikumwomba Okeny ruhusa. Nilibeba jiko langu la makaa, nikaliweka nje katikati ya uwanja, karibu na debe la maziwa, nikaliwasha wanawake wote wakiwa kwenye foleni. Moshi ukapanda wazi, kila mtu akauona.

"Nani amekwambia upike hapa?" Mama Kamis aliuliza.

"Hakuna. Weka sikio kwa moshi huu, mama, uniambie kama una maziwa."

Anena alitoka kwenye foleni, akarudi na jiko lake. Wengine wakafuata, majiko yakajipanga uwanjani. Siku ile sajini meja alipita, akayaona, akaamua kutoyaona. Sijui kwa nini. Wengine walitoweka kwa makosa madogo kuliko hilo, na Okeny hakusema nami kwa siku nyingi. Baadaye maziwa yalichotwa bila sikio kuwekwa kifuani mwa mtoto yeyote.

"Kohoeni sasa," niliwaambia watoto. "Hakuna kikombe kitakachogeuzwa."

Walinitazama, kisha wakamtazama mwenye upawa. Hakuna aliyekohoa.

Akot sasa ana watoto wake. Akishikwa na kikohozi hutoka nje ya chumba, hata kama ni nyumba yake mwenyewe, na hufunga mlango.