Rudia, Mnara

Mwongoza ndege mmoja walimwita Cherehani kwa kasi ya maneno yake, na jina alilipenda. Ndege tano angani, mdomo mmoja mnarani, na zote alizishusha bila kumeza mate. Siku hiyo alivaa tai. Marubani na waongozaji walikuwa wamekutanishwa ukumbini kutafuta namna ya kuelewana vizuri redioni, na kulikuwa na minong'ono kwamba mkuu wa mnara angemtangaza hapo hapo kuwa mkufunzi wa waongozaji wapya.

"Tatizo ni marubani," alianza, kifua mbele. "Wanasinzia! Ukiwaambia kitu, 'rudia, rudia.' Kwani mimi kasuku?"

Watu wakacheka. Rubani mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akaomba wasikilize rekodi ya wiki iliyopita. Mkuu akabonyeza.

Ikasikika sauti ya Cherehani ikimwaga maelekezo mfululizo. Kisha sauti ya yule mama: "Mnara, rudia, tafadhali."

"Dada, umeamka kweli, au tukuletee chai? Geuka, wenzako wanasubiri!" Nyuma yake, kicheko cha mnara mzima.

Halafu yule mama: "Sawa."

Basi. Rubani hutakiwa kuyasema upya maelekezo aliyopewa, na mwongozaji asikilize kama yako sahihi. Cherehani alipewa "sawa" kavu, akairidhia, akahamia ndege nyingine.

"Sikuwa nimesikia nigeukie wapi," alisema rubani. "Niliona haya kuuliza tena, nikakisia. Mawingu yalipoachana, kilima kiko mbele yetu. Na nyuma, kaka yangu, nina abiria. Nilipotua nilibaki kitini nalia."

Cherehani alitamani ardhi immeze. Aliona aibu mbele ya wenzake, lakini iliyomuumiza zaidi ilikuwa nyingine: jioni ya siku ile ya rekodi alikuwa amemsimulia mkewe kichekesho hicho mezani, wakacheka mpaka chakula kikapoa. Ukufunzi ulimtoka kabisa akilini.

"Dada nisamehe sikujua nilidhani utani tu na ndege zilikuwa nyingi sikukusudia kabisa..." Maneno yalimtoka kama kawaida yake, moja likimkanyaga mwenzake.

Yule mama akainua mkono. "Samahani, sijakusikia vizuri. Rudia, tafadhali."

Safari hii hakuna aliyecheka. Cherehani akavuta pumzi, akarudia neno moja moja, kisha akanyamaza, akamtazama, akisubiri kujua kama amesikika.